Suti, Sare na Ulimi: Tafakuri Juu ya Futuhi ya Charles Bukeko

Charles Bukeko alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 18 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 58, wakati janga la korona lilipokuwa limeanza kushika kasi nchini Kenya. Siku mbili baadaye alizikwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Busia, kwa haraka na chini ya uangalizi wa maafisa wa afya. Wengi wa Wakenya waliomlilia hawakumlilia kwa jina la Bukeko. Walimlilia Papa, kwa kulifupisha jina la mhusika aliyembuni na kumwigiza kwa miaka mingi katika kipindi cha Papa Shirandula kilichorushwa na Citizen TV. Kwa mtu wa Webuye neno hilo halina haja ya kufafanuliwa, kwani katika Kibukusu, kama ilivyo katika lahaja nyingine kadhaa za Kiluhya, papa ni baba. Mtu wa Lamu au Mombasa akilisikia neno lilo hilo humjia akilini samaki mkubwa mwenye meno. Makala haya yanaanzia kwenye tofauti hiyo ndogo. Yanakusudia kuonyesha kwamba katika futuhi ya Bukeko lafudhi haikuwa pambo la kuchekeshea tu. Lafudhi ilikuwa ndiyo sehemu ya mhusika iliyosema kweli, huku mavazi yake yakisema uongo.

Bukeko hakuwa mwenyeji wa Webuye, na hapana budi sababu ya kuitaja Webuye ielezwe mapema. Mji huo, uliojulikana zamani kwa jina la Broderick Falls, ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Eldoret kuelekea Malaba hukutana hapo na ile itokayo Kitale kuelekea Kakamega na Kisumu, na reli iendayo Uganda hupita papo hapo. Kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, kiko juu ya mji. Kiswahili hakikuletwa huko na mashairi wala na vitabu vya dini peke yake. Kililetwa na reli, na mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yaliyoajiri watu wa makabila mengi, na baadaye na kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichoanza uzalishaji mwaka 1974. Kiswahili cha Webuye, cha Kitale na cha Bungoma ni Kiswahili cha kazi: lugha ambayo mtu huivaa asubuhi aendapo kuonana na msimamizi, kisha jioni huivua na kurejea kwenye lugha ya nyumbani. Watazamaji wa mahali kama hapo walikuwa na uwezo wa kumwelewa Papa Shirandula kwa undani ambao mhakiki aliyelelewa katika Kiswahili cha pwani angelazimika kujifunza.

Bukeko alitoka jukwaani kabla ya kuingia katika runinga. Alikuwa mmoja wa waigizaji waliokulia katika michezo ya kuigiza ya Nairobi, ambako mwigizaji hujifunza kuitawala sauti yake na mwili wake mbele ya hadhira inayoweza kuondoka wakati wowote ikichoshwa. Ukumbi wa namna hiyo ulimpa mambo mawili yaliyoonekana wazi baadaye. La kwanza ni uzito wa mwili. Bukeko alikuwa mtu mnene, naye aliutumia unene huo kwa utulivu, bila kurukaruka wala kuanguka ovyo kama wafanyavyo wachekeshaji wengi. La pili ni subira. Aliweza kunyamaza kabla ya kujibu, na hadhira ikaanza kucheka kabla hajasema lolote. Umaarufu ulipomfikia ulivuka mipaka ya Kenya, kwa kuwa tangazo la kibiashara la Coca-Cola alilolicheza lilionyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika. Hata hivyo, kazi itakayodumu katika kumbukumbu ni ile ya Papa.

Ni vyema kuiweka kazi hiyo katika historia ya futuhi ya Kiswahili nchini Kenya. Tamthilia ya Kiswahili iliyochapishwa Kenya ilianza kwa kuchekesha. Katika miaka ya 1950 Graham Hyslop aliandika Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na Henry Kuria, akiwa ametoka katika mazingira ya shule ya Alliance, akaandika Nakupenda, Lakini... Hizi zilikuwa kazi nyepesi kimuundo, zilizokusudiwa kuchezwa na wanafunzi na kuwafurahisha wazazi wao. Baada ya uhuru tamthilia ilitwikwa mizigo mizito zaidi: historia, ukoloni mamboleo, dhuluma ya kitabaka. Farouk Topan alionyesha katika Mfalme Juha, mwaka 1971, kwamba kicheko na hoja vinaweza kukaa pamoja, lakini uhakiki kwa jumla uliegemea upande wa tanzia. Futuhi ikahamia redioni na runingani. Vioja Mahakamani na Vitimbi, vipindi vya shirika la utangazaji la taifa, viliwapa Wakenya wahusika waliowajua kuliko mhusika yeyote wa kitabu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walikuwa wamekwisha kuonya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, kwamba sanaa za maonyesho za Kiafrika ni pana kuliko tamthilia ya Kizungu. Onyo hilo lilinukuliwa sana madarasani, lakini mara chache lilifuatwa kwa kuketi mbele ya runinga na kuandika yanayosemwa.

Kiini cha kisa cha Papa Shirandula ni chepesi. Papa ni askari wa lindo, lakini mkewe na watu wa kwao wanaamini kwamba ana kazi ya heshima ofisini. Kila asubuhi huondoka nyumbani amevaa suti, na afikapo kazini huivua na kuvaa sare ya mlinzi. Jioni mambo hugeuzwa. Vituko vingi vya kipindi hicho vinazaliwa na hofu moja, kwamba siku moja mtu wa nyumbani atafika langoni na kumkuta ameshika rungu. Wahusika wengine wanaizunguka siri hiyo kila mmoja kwa njia yake: Wilbroda, mke wake, aliyeigizwa na Jacquey Nyaminde, Awinja, mtumishi wa nyumbani, aliyeigizwa na Jacky Vike, pamoja na wenzake wa kazini na mtaani.

Waswahili husema kazi mbi si mchezo mwema, yaani kazi duni haifanani na kukaa bure hata kama mchezo wenyewe ni mzuri. Papa anaijua methali hiyo kwa vitendo, ndiyo maana haachi kazi. Lakini jamii inayomzunguka imekwisha kuibatilisha methali hiyo kimyakimya. Inataka kazi nzuri, na kazi nzuri kwake ni ile inayovaliwa tai. Hapo ndipo kinaya cha kipindi hicho kilipo. Papa hafanyi kosa lolote. Analinda mali ya watu, analipwa, analisha nyumba yake. Anachokificha ni jambo la halali, na anakificha kwa uongo. Mwigizaji asiye makini angeweza kumfanya mtu huyo kuwa mjinga. Bukeko alimfanya kuwa mtu mwenye haya, na haya ni hisia ya mtu mwenye akili.

Mtazamaji wa Webuye alikuwa na sababu ya pekee ya kulielewa jambo hilo. Kiwanda cha karatasi, kilichokuwa nguzo ya uchumi wa mji huo kwa zaidi ya miaka 30, kilifungwa mwaka 2009, wakati ambapo Papa Shirandula kilikuwa tayari kimeshika watazamaji. Juhudi za serikali za kukifufua hazikudumu, na hatimaye kiliuzwa kwa wawekezaji mwaka 2016. Kiwanda kikifungwa mjini, si mshahara peke yake unaopotea. Jibu la swali la kila siku, kwamba fulani anafanya kazi gani, nalo hupotea. Aliyekuwa fundi wa mitambo hulazimika kuwa mwendesha bodaboda, au kusafiri hadi Nairobi na kukubali lindo la usiku. Akirudi nyumbani wakati wa Krismasi huvaa nini? Futuhi ya Bukeko ilikuwa imelijibu swali hilo kabla halijaulizwa Webuye, na ililijibu bila kumdharau muulizwaji.

Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba ili mtu acheke ni sharti moyo wake unyamaze kidogo. Kicheko kwake ni kazi ya akili tupu. Dai hilo limefaa kueleza futuhi nyingi za Ulaya, lakini linashindwa kueleza kicheko cha mtu aliyemtazama Papa akivua suti nyuma ya kibanda cha mlinzi huku akijua kwamba mjomba wake mwenyewe hufanya hivyo. Moyo wa mtazamaji huyo haukunyamaza. Alicheka kwa sababu alitambua, na utambuzi huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Hapa futuhi inakaribia tanzia bila kuwa tanzia, na istilahi ya tanzia-ramsa, ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa tamthilia zilizochapishwa, ingepata mfano bora zaidi katika kipindi hiki cha runinga.

Inafaa pia kutaja filamu ya The Captain of Nakara ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Bob Nyanja, ambayo Bukeko alikuwa miongoni mwa waigizaji wake. Filamu hiyo ilitokana na tamthilia ya Kijerumani ya Carl Zuckmayer, ambayo nayo ilitokana na kisa cha kweli cha mwaka 1906: mshonaji viatu aliyevaa sare ya kapteni huko Köpenick, karibu na Berlin, na kutiiwa na askari na viongozi wa mji kwa sababu tu ya sare hiyo. Kisa cha Kijerumani na kisa cha Papa ni ndugu waliotazamana kinyume. Mshonaji viatu anavaa sare ili apewe heshima asiyokuwa nayo. Papa anaficha sare ili asinyang'anywe heshima aliyo nayo. Katika Ujerumani ya mfalme, sare ilikuwa ya mwenye amri. Katika Nairobi ya leo sare ya mlinzi ni ya mtu anayefungulia wengine lango. Visa vyote viwili vinakubaliana kwamba jamii husoma nguo kabla ya kumsoma mtu.

Suala la lafudhi linaingia hapo. Nguo inaweza kubadilishwa nyuma ya kibanda, lakini ulimi haubadilishwi hivyo. Lugha ya Kibukusu, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa Webuye, haina b, d na g za kupasuka isipokuwa zinapotanguliwa na nazali, kama katika mb, nd na ng. Msemaji wake anapojifunza Kiswahili ukubwani, gari huelekea kuwa kari, na bado huelekea kuwa pato. Sauti z nayo huelekea s. Sifa hizi, pamoja na nyingine za lahaja za jirani, ndizo ambazo wachekeshaji wa Kenya wamezitumia kwa miaka mingi kumtambulisha Mluhya jukwaani. Ni muhimu kuona kwamba Shirandula mwenyewe si Mbukusu. Sauti sh inayoanza jina lake ni ya lahaja kama Kiwanga na Kiisukha, ilhali Mbukusu angetarajiwa kuwa na s mahali pengi penye sauti hiyo. Papa alikuwa Mluhya wa wote. Hilo linaafikiana na historia, kwa kuwa jina la Abaluyia lenyewe, linalojumuisha makundi zaidi ya 15, lilienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa juhudi za vyama vya wakati huo. Bukeko alimpa sauti mtu ambaye sensa na siasa zilikuwa zimekwisha kumpa jina.

Ulinganisho na Mzee Ojwang' wa Vitimbi unasaidia. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miongo mingi alizungumza runingani kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ubavuni mwa Mary Khavere aliyeigiza Mama Kayai. Wengi wa watazamaji wake waliishi na kufa wakiamini kwamba Ojwang' alitoka Nyanza. Ustadi wake ulikuwa mkubwa, na mapenzi ya watazamaji Wajaluo kwake hayakuwa na shaka. Kwa Wanjau lafudhi ilikuwa barakoa: aliivaa wakati wa kuigiza na kuivua akishamaliza. Kwa Bukeko mambo yalikuwa kinyume. Yeye aliigiza mtu wa upande alikotoka, na ndani ya kisa chenyewe lafudhi ilikuwa kitu pekee ambacho Papa hakuweza kukivua. Akiwa katika suti, ulimi wake uliendelea kumtangaza. Akiwa katika sare, ulimi ulikuwa uleule. Mtazamaji alipewa ishara mbili kwa wakati mmoja, nguo iliyobadilika na sauti isiyobadilika, na akaachiwa aamue ipi ni ya kuaminiwa. Kipindi kizima kinampeleka kwenye jibu moja, kwamba sauti ndiyo ya kuaminiwa.

Pingamizi dhidi ya futuhi ya namna hii ni la kweli na halifai kupuuzwa. Kuna wanaosema kwamba vichekesho vya lafudhi vinaimarisha dhana potofu za kikabila: Mluhya ni mlinzi au mpishi na mpenda kuku, Mkikuyu ni mpenda pesa, Mjaluo ni mwenye majivuno. Wengine, hasa walimu, wanalalamika kwamba vinaharibu Kiswahili sanifu. Pingamizi la pili ni rahisi kujibiwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyejifunza kusema kari kutoka kwa Papa. Aliyelisema alilisema tangu awali. Pingamizi la kwanza ni zito. Uzito wake unaongezeka tukikumbuka miaka ambayo kipindi hicho kilianza kupendwa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kutokana nazo, jina na lafudhi vilitosha kumtambulisha mtu kwa waliomtafuta. Katika eneo la Kitale na Bungoma kumbukumbu za wakati huo ziliungana na zile za mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Mtu aliyeponea kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya namna anavyotamka neno hawezi kuambiwa kwamba matamshi ni mzaha tu.

Jibu linaweza kupatikana katika dhana ya utani, ambayo wahakiki wa Kiswahili wanayo nyumbani lakini huitumia kidogo kuliko dhana za kigeni. Utani, kama ulivyo miongoni mwa jamii nyingi za Tanzania, ni ruhusa ya kuchekana iliyowekewa masharti. Mtani huweza kumkejeli mwenzake hata matangani, lakini sharti kubwa ni kwamba naye anaweza kukejeliwa kesho, na kwamba mwenzake akipatwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Kejeli isiyoweza kurudishwa si utani, ni matusi. Kwa kipimo hicho futuhi za lafudhi zinaweza kupambanuliwa. Mchekeshaji anayeiga lafudhi ya watu asiowajua, mbele ya hadhira isiyokuwa na hata mmoja wao, anatukana. Bukeko aliketi ndani ya mzaha wenyewe. Aliyechekwa na aliyechekesha walikuwa mtu mmoja, na hadhira ya nyumbani kwake ilikuwepo ikimtazama kila wiki na ikiwa na uwezo wa kumhukumu. Zaidi ya hayo, Papa hakuchekwa kwa kuwa alisema vibaya. Alichekwa kwa kuwa alijifanya, na kujifanya ni ugonjwa usio na kabila. Dhana ya Mluhya mlinzi ilitumiwa kama mlango wa kuingilia, na mtazamaji alipokwisha kuingia alikuta humo hofu yake mwenyewe. Futuhi hiyo haikuponya majeraha ya mwaka 2008, wala si haki kuidai kazi hiyo. Ilichofanya ni kuweka mahali, kwa muda wa nusu saa hivi, ambapo lafudhi ilisikika bila kuogopwa.

Hata hivyo, utani huo ulikuwa na gharama, na mtu mwenye kuiheshimu kazi ya Bukeko hana budi kuikubali. Kipindi kilichoenea nchi nzima kilitazamwa na wengi ambao hawakuwa watani. Mtazamaji wa mbali aliweza kuchukua kari na papa akaacha suti na sare. Kesho yake alimwita mlinzi wa jengo lake Papa, akidhani amemfurahisha, na mlinzi huyo, ambaye huenda alitoka Turkana au Kitui, akalazimika kutabasamu. Mwandishi wa futuhi hana mamlaka juu ya kicheko kikishatoka kinywani mwa mwingine. Aghalabu hilo ndilo linalowatofautisha wachekeshaji na washairi: shairi likieleweka vibaya huharibika lenyewe, lakini kichekesho kikieleweka vibaya humwangukia mtu asiyehusika.

Linabaki suala la maandishi. Usione vyaelea, vimeundwa, na futuhi ya runinga inaelea kiasi kwamba wengi hawafikirii kuwa iliundwa. Hudhaniwa kwamba mwigizaji anasema lolote limjialo. Ukweli ni kwamba kazi ya namna hii huandikwa mara mbili: kwanza kwa kalamu, mpangilio wa matukio na mazungumzo unapowekwa, na kisha kwa kinywa, mwigizaji anapokata, kurefusha na kunyamaza. Bukeko, aliyembuni mhusika na kumwigiza, alizishika kalamu zote mbili. Lakini ile ya pili haiachi karatasi. Ulinganisho na Francis Imbuga, mwana mwingine wa magharibi ya Kenya, unaonyesha matokeo yake. Imbuga, aliyefariki Novemba 2012, naye alikuwa mwandishi na mwigizaji aliyeijua runinga, na kicheko kilikuwa silaha yake kuu. Betrayal in the City, iliyochapishwa mwaka 1976 na kupelekwa katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka 1977, ilisomwa na kutahiniwa katika shule za sekondari miaka mingi baadaye. Mwanafunzi wa Webuye aliyefanya mtihani katika muongo wa 2010 anaweza kueleza kinaya cha Imbuga kwa ukurasa mzima. Kuhusu Papa, ambaye huenda alimtazama kila wiki pamoja na nyanya yake, hakuulizwa swali lolote.

Mwanafunzi huyohuyo akifika chuo kikuu kusomea Kiswahili hukutana na jambo jingine. Katika somo la fonolojia hufundishwa kwamba kari ni athari ya lugha ya kwanza, nayo huwekwa katika orodha ya makosa. Orodha hiyo ina faida zake, kwa kuwa mwalimu wa baadaye anahitaji kuimudu lugha sanifu. Lakini mwanafunzi huisoma kwa namna nyingine. Hujifunza kunyamaza katika semina mpaka awe na uhakika wa kila b, na akipiga simu nyumbani hutoka nje ya chumba. Asubuhi huvaa suti ya usanifu, jioni huivua. Idara ya Kiswahili isiyomsoma Bukeko imejinyima maelezo bora yaliyowahi kutolewa kuhusu hali ya wanafunzi wake yenyewe. Ingefaa kipindi hicho kifundishwe, mazungumzo yake yanukuliwe kwa matamshi yalivyo, na lafudhi ichambuliwe kama mtindo wenye maana katika matini, jinsi lahaja ya Kimvita au Kiamu inavyochambuliwa katika ushairi bila mtu yeyote kuiita kosa.

Kazi hiyo ina haraka yake. Wachekeshaji chipukizi wa Kitale, Bungoma na kwingineko sasa hubuni, hucheza na kusambaza vichekesho vyao kwa simu ya mkononi, kwa muda wa dakika moja au mbili, na vingi husahaulika baada ya wiki. Wao ni warithi wa Papa, wajue wasijue. Wasipopata uhakiki watapimwa kwa idadi ya watazamaji pekee, na idadi haitofautishi utani na matusi.

Wabukusu wa Webuye wana desturi iitwayo kumuse. Siku chache baada ya mzee mwenye hadhi kuzikwa, jamii hukusanyika na msemaji maalumu husimama katikati, hutembea huku na huko akisimulia nasaba, historia na maisha ya marehemu, na kuwaonya walio hai. Kuzungumza huko hakumhusu kila mtu wala kila marehemu, na Bukeko hakuwa wa jamii hiyo. Lakini namna alivyozikwa Julai 2020, katika siku ambazo mikusanyiko ilikatazwa na waombolezaji wengi walibaki majumbani mwao mbele ya runinga ileile walikomjulia, iliacha pengo ambalo desturi za upande huo wa nchi huliziba kwa maneno. Hakupata mkusanyiko wa kusimulia alikotoka na alichokifanya. Wahakiki wanaofanya kazi katika lugha aliyoitumia bado wana nafasi ya kulisema hilo, na wakilisema watalazimika kuanza na mtu aliyesimama langoni, suti yake imekunjwa ndani ya mfuko, akiitika salamu kwa sauti ya nyumbani kwao.